ARDHI ISIYOPIMWA HUMPIMA KIBARUA



Twaandika leo juu ya udongo. Msicheke. Twajua wako watakaosema kwamba Chama kimeishiwa na maneno ya mishahara, sasa chahubiri matope. Sivyo. Mshahara tutaudai leo, kesho na keshokutwa. Lakini mshahara hupokewa na mtu aliye hai, mwenye viungo vyake vyote. Na katika kazi ya ujenzi hapa Voi, Mwatate, Wundanyi, Maungu na Taveta, uhai wa kibarua na mshahara wa fundi vyote viwili vimefungwa na jambo moja ambalo waajiri wengi hawapendi litajwe. Jambo hilo ni kwamba ploti baada ya ploti yachimbwa msingi bila mtu kutazama kwanza ardhi ile ni ardhi ya namna gani.

Voi yakua. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita hapa, njia ya Taveta na Tanzania yaanzia hapa, na reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ina stesheni yake hapa. Mahali palipokuwa na miiba na mbuzi jana, leo pamezungushwa mabati, lori la mchanga limefika, na vibarua wamepewa sururu. Sisi hatuchukii kukua kwa mji. Kukua kwa mji ndiko kazi yetu na chakula chetu. Lakini tutazame jinsi kazi inavyofanywa.

Hakuna injinia anayesimamisha nguzo za daraja la reli bila kutoboa ardhi na kuijua mpaka chini. Gari moshi la mizigo hupimiwa udongo wake. Basi twauliza: mama na watoto watakaolala katika nyumba ya ghorofa tatu, wao hawastahili kupimiwa? Na yule kibarua anayeingizwa shimoni saa moja asubuhi, yeye ni mwepesi kiasi gani hata asipimiwe chochote?

NANI ABEBAYE LAWAMA

Kila fundi wa kaunti hii aijua hadithi hii, maana ni moja tu, hubadilika jina la mwenye nyumba. Nyumba yamalizika, watu wahamia. Mvua za masika zapita, au zile za Novemba. Baada ya miezi kidogo ufa watokea kwenye pembe ya dirisha, wapanda kwa mshazari. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa wakwama. Sakafu yainuka katikati, au yazama karibu na ukuta. Mwenye nyumba amwita kontrakta. Kontrakta ajibu upesi, "Ni yule fundi." Na fundi, ambaye fedha zake za juma la mwisho hazijalipwa, aambiwa azisahau fedha hizo. Jina lake latembezwa mjini kote kuwa ni fundi mbovu. Kontrakta yule yule aanza nyumba nyingine upande wa pili wa barabara, kwa mchoro ule ule na msingi ule ule.

Hatusemi kwamba kila fundi ni malaika. Yuko anayepunguza simiti na kuiuza nje. Huyo hatumtetei, maana aiharibu kazi yetu sote. Lakini ufa una lugha yake, na mwenye macho huusoma. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zilizotapakaa juu ya plasta, mara nyingi ni za plasta yenyewe: mchanga mchafu, mchanganyiko mbaya, au ukuta uliokauka upesi bila kumwagiwa maji. Hizo fundi ana la kujibu. Lakini ufa upitao kwenye viungo vya matofali kama ngazi, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, huo wasema kwamba sehemu moja ya msingi imeshuka na nyingine imebaki. Hakuna mwiko wa fundi uwezao kushusha msingi mzima. Aliyeamua msingi ukae juu ya ardhi gani, uende chini kiasi gani na uwe na upana gani si mwashi. Ni mwenye mchoro na mwenye fedha.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema wazi mambo ambayo mwajiri aweza kumkata mfanya kazi mshahara. Kwa mali iliyoharibika, yamruhusu kukata kiasi cha haki ikiwa uharibifu ulitokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Je, nani alikusudia ardhi ishuke? Fundi aliyejenga kwa uzi, timazi na pima maji, akafuata alichoagizwa, hakufanya kosa la kusudi. Kumnyima mshahara wake ni wizi, hata ukifanywa na mtu aliyevaa kofia ya ujenzi na kushika faili mkononi.

ARDHI YETU SI MOJA

Wageni hudhani Voi ni mahali pamoja pakavu, na ardhi yake ni nyekundu tu. Sisi tunaoichimba twajua zaidi. Mji wetu umekaa chini ya vilima. Juu kuna Sagalla, na nyuma yake Dawida, ambako kilele cha Vuria chapanda mita 2,208, huku mji wenyewe uko kiasi cha mita 600 tu juu ya bahari. Mwamba wa vilima vile ni wa kale sana, mgumu. Lakini kila mvua, tangu zamani za zamani, imekuwa ikiusaga na kuuteremsha. Kilichoteremshwa ndicho tunachojengea. Kimelala kwa matabaka, na matabaka hayafanani.

Kwanza, kuna udongo mwekundu wa tambarare. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali lililochomwa, sururu yaruka. Mwenye ploti aja mwezi wa Agosti, apiga mguu chini na kusema, "Hapa ni mwamba, msichimbe sana." Lakini udongo wa namna hii mara nyingi una vitundu vidogo vidogo vilivyoachwa na mizizi na mchwa. Ukikaa mkavu hubeba mzigo. Maji yakiingia, iwe ni ya mvua, ya bomba linalovuja au ya choo, vitundu vile hukunjamana na ardhi hushuka ghafula. Ugumu ule wa Agosti ulikuwa ni ukavu tu.

Pili, kuna vichuguu. Nchi hii yote, toka Voi mpaka Maungu na kuingia mbugani Tsavo, imejaa vichuguu. Mtu husawazisha kichuguu kwa tingatinga, kikawa hakionekani tena, akauza ploti. Chini yake mna mashimo na njia za mchwa. Nguzo ya nyumba ikiangukia hapo, imesimama juu ya ngoma.

Tatu, kuna kingo za mto Voi. Mto huu watoka vilima vya Taita na kupita mjini. Muda mwingi ni mchanga mtupu, watu wavuka kwa miguu, watoto wacheza mpira. Kwa sababu hiyo watu husahau kwamba ni mto. Ardhi ya kingo zake ililetwa na mafuriko: tabaka la mchanga, tabaka la tope, tabaka la mchanga tena. Ukichimba nusu mita wakuta mchanga mzuri na kufurahi. Ungechimba mita mbili ungekuta tope laini na maji.

Nne, kuna udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka kiangazi hata mkono wa mtu waingia, na kuvimba wakati wa mvua. Udongo huu haushuki tu. Huinua. Hunyanyua sakafu na kuta kisha huziachia, kila mwaka, mpaka nyumba ichoke.

Tano, kuna miteremko ya vilimani, Wundanyi, Werugha, Mgange na kwingineko. Huko ili upate uwanja wa nyumba wakata mlima upande wa juu na kumwaga kifusi upande wa chini. Basi nusu ya nyumba yakaa juu ya ardhi ya asili, na nusu juu ya kifusi cha mwaka jana. Kifusi hushuka, ardhi ya asili haishuki, na nyumba yapasuka katikati kama mkate. Tena ule ukuta wa udongo uliokatwa nyuma ya nyumba wangoja mvua tu.

Sita, kuna Taveta, ambako ardhi ni nyingine kabisa: udongo uliotokana na moto wa Kilimanjaro, na matope ya nchi ya chini kuelekea Ziwa Jipe. Huko chemchemi zatoka ardhini na maji hayako mbali na uso wa nchi. Fundi hodari wa Voi akienda Taveta na mazoea yake ya Voi, mazoea yale yale yaweza kumdanganya.

Haya si maneno ya kutisha watu. Kila moja ya ardhi hizi yaweza kujengewa vizuri. Udongo mweusi waweza kuondolewa au kupitwa mpaka kwenye ardhi imara. Kifusi chaweza kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukuta wa mteremkoni waweza kuzuiwa kwa mawe yenye matundu ya kutolea maji. Lakini kila ardhi ina dawa yake, na daktari atoaye dawa kabla ya kumpima mgonjwa ni mwuaji.

KIBARUA NDANI YA SHIMO

Mpaka hapa tumesema juu ya nyumba. Sasa tuseme juu ya mtu.

Ardhi isipopimwa mapema, mtu wa kwanza kuipima ni kibarua, na kipimo chake ni mwili wake. Aambiwa achimbe mtaro wa msingi, au shimo la choo, au shimo la tangi. Hakuna ajuaye tabaka lipi lafuata. Mita ya kwanza ni ngumu, ukuta wa shimo wasimama wima, nyapara afurahi kwamba kazi yaenda. Mita ya pili yatokea mchanga mkavu au tope. Tabaka la chini laanza kumomonyoka, lile gumu la juu labaki likining'inia kama dari. Na udongo uliotolewa umerundikwa pale pale ukingoni, kwa sababu kuusogeza mbali ni kazi ya toroli na toroli ni moja.

Kyubiki mita moja ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Ni uzito wa gari dogo. Mtu hahitaji kufunikwa kichwa ili afe. Akibanwa mpaka kifuani, kila akitoa pumzi udongo wazidi kukaza, na pumzi nyingine haiingii. Wenzake wamwona uso wake nao hawawezi kumtoa kwa sepeto. Na wakiruka ndani wote kumwokoa, ukuta wa pili waweza kuwafuata.

Kisha husemwa, "Ajali haina kinga." Methali hii twaiheshimu kwa mambo ya Mungu, kama radi. Lakini shimo halikujichimba. Kinga yake yajulikana kote duniani: kujua matabaka kabla ya kuchimba, kulaza kingo za shimo zisisimame wima, kuzuia kuta kwa mbao na magogo, kuweka rundo la udongo mbali na ukingo, kuweka ngazi ya kutokea, na kusimamisha kazi baada ya mvua mpaka shimo likaguliwe. Ajali yenye kinga inayojulikana, ikatokea kwa sababu mtu hakutaka kununua mbao, si ajali. Ni hesabu. Mtu alipiga hesabu ya mbao na hesabu ya kibarua, akaona kibarua ni rahisi.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Wasomaji wengine watasema kwamba Voi hakujatokea jambo kubwa. Twamshukuru Mungu. Lakini tuangalie kwa majirani.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la kupangisha lilianguka Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu zaidi ya 45 walikufa. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la zaidi ya ghorofa 12 lililokuwa likijengwa lilianguka katikati ya mji na kuua watu 36. Huko huko, Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la biashara lilianguka na kuua zaidi ya watu 20, na watu waliokuwapo walisema chini yake palikuwa pakichimbwa. Hatusemi kwamba majengo haya yote yaliangushwa na udongo. Moja huanguka kwa nondo chache, moja kwa ghorofa za kuongeza, moja kwa msingi. Lakini yote yafanana kwa jambo moja: mtu aliyetakiwa kuuliza swali kabla ya kujenga hakuuliza, au aliuliza na hakusikilizwa.

Na sisi watu wa chini ya vilima tutazame Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang katika Tanzania. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua iliteremsha matope, mawe na miti toka mlimani mpaka mjini, na zaidi ya watu 80 walikufa. Pokot Magharibi, Novemba 2019, miteremko iliporomoka usiku ikaua zaidi ya watu 40. Karibu na Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasua njia na kufagia nyumba usiku. Hilo la mwisho latuhusu sana sisi wenye reli mbili, barabara kuu na makalvati mengi. Tuta ni ukuta. Kalvati likizibwa na takataka, tuta lawa bwawa, na bwawa lililojengwa bila mtu kukusudia ndilo bwawa baya kuliko yote.

Wazee wetu wa Taita hawakuwa na chombo cha kupimia, lakini walikuwa na fighi, misitu ya mizimu iliyokatazwa kukatwa. Misitu ile iliyobaki ilishika udongo na maji. Leo twakata mti, twakata mlima, kisha twamlaumu fundi.

KUPIMA UDONGO NI KITU GANI

Waajiri wengine huwatisha watu kwa kusema kwamba kupima udongo ni mambo ya Wazungu na mashine za mamilioni. Hebu tueleze, kila mtu aelewe na asidanganywe.

Hatua ya kwanza haina mashine. Ni kutembea. Mtu atazama ploti na majirani zake: mteremko waelekea wapi, maji ya mvua hupita wapi, vichuguu viko wapi, nyumba za jirani zina nyufa za namna gani, miti imesimama wima au imeinama kufuata mteremko. Auliza wazee wa hapo maji yalifika wapi wakati wa mvua kubwa za mwaka 1997.

Hatua ya pili ni mashimo ya majaribio. Kwa nyumba ya kawaida huchimbwa mashimo machache, pembeni na katikati ya ploti, kupita kina cha msingi unaokusudiwa. Kila tabaka laandikwa: rangi, unene, gumu au laini, kavu au lenye maji. Udongo wachukuliwa kila tabaka. Kazi hii ni ya sururu na sepeto, yaani ni kazi yetu. Ila mashimo haya nayo ni mashimo: kinga tulizozitaja ni za hapa pia.

Hatua ya tatu ni maabara. Huko udongo hupitishwa kwenye chekeche mbalimbali kujua mchanga ni kiasi gani na tope ni kiasi gani. Hulainishwa kwa maji kujua huanza kuteleza wapi na wavimba kiasi gani. Hushindiliwa, hubanwa.

Hatua ya nne ni kwa majengo makubwa: kutoboa ardhi. Nyundo yenye uzito wa kilo 63.5 huachiwa ianguke sentimita 76 juu ya chuma, na mapigo huhesabiwa mpaka chuma kimezama sentimita 30 zinazotakiwa. Mapigo machache, ardhi laini. Mapigo mengi, ardhi ngumu. Kibarua yeyote aliyewahi kupigilia mtaimbo ajua maana yake bila kwenda chuo kikuu. Tofauti ni kwamba hapa mapigo yanaandikwa, na injinia atia sahihi.

Elimu hii si ya kale. Karl Terzaghi, mtu wa Austria, alipotoa kitabu chake kikubwa cha elimu ya udongo mwaka 1925, reli ya kwanza ilikuwa imekwisha pita Voi miaka mingi. Kabla yake watu walijenga na kungoja kuona. Mnara wa Pisa, Italia, ulianzishwa mwaka 1173, ukaanza kuinama hata kabla haujamalizika kwa sababu ardhi ya upande mmoja ilikuwa laini zaidi. Watalii hulipa fedha kuutazama. Lakini nyumba ya mpangaji iliyoinama Voi hakuna mtalii atakayelipa kuitazama.

WANAYOSEMA WAAJIRI

Husema, "Gharama ni kubwa." Twajibu: gharama ya mashimo ya majaribio na maabara ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba. Mtu anunua vigae vya kung'aa, geti la chuma la maua, na taa za rangi, kisha akosa fedha za kujua nyumba yake imesimama juu ya nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Nasi twaongeza: usipopima ardhi utajenga ukuta mara mbili.

Husema, "Jirani amejenga bila kupima, na nyumba yake imesimama." Twajibu: jirani yuko hatua 30 upande wa juu. Wewe waweza kuwa juu ya mkondo wa zamani wa maji. Na nyumba iliyosimama miaka mitano ya ukame haijaulizwa swali bado. Mwulizaji ni mvua.

Husema, "Fundi mzee ajua kwa macho." Twajibu: kweli, fundi mzee ajua mengi, nasi twajivunia wazee wetu. Basi mbona maneno yake hayasikilizwi? Mara ngapi fundi mzee amesema, "Bwana, hapa tuende chini zaidi," akajibiwa kwamba hakulipwa kufikiri? Wamtaja fundi mzee wakati wa kukwepa injinia, na wamtaja injinia wakati wa kumnyamazisha fundi mzee.

Husema, "Mtachelewesha maendeleo." Twajibu: kazi inayobomolewa ndiyo icheleweshayo maendeleo.

SHERIA IKO, MKONO HAUPO

Ndugu, msidhani kwamba twaomba hisani. Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, ambayo yaandikisha makontrakta na kuwatambua mafundi. Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 yataka ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga. Kanuni za zamani za ujenzi za mwaka 1968 zilipewa mrithi, kanuni mpya za mwaka 2024. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde mahali pa kazi. Kifungu chake cha 14 chamtaka mfanya kazi aonaye hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake mara moja. Na mpaka hatari iondolewe, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi mahali pale. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na watu wao ndani yake. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yataka mwajiri awe na bima, na kwa mfanya kazi aliyekufa kazini fidia ni mshahara wa miezi 96.

Maneno haya ni mazuri. Lakini karatasi haishiki ukuta wa shimo. Kibarua anayelipwa kwa siku, akisema shimo hili ni la hatari, kesho aambiwa hakuna kazi, na nje ya mabati wamesimama vijana kumi wangojao nafasi yake. Hapo ndipo sheria hufa. Mtu mmoja akikataa kuingia shimoni, amefukuzwa. Watu wote wakikataa, shimo lawekwa mbao. Hii ndiyo sababu ya Chama kuwako, na hatujui sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

TUNAYODAI

1. Kaunti ya Taita Taveta isipitishe mchoro wa nyumba yoyote ya ghorofa, wala ya mteremkoni, wala ya karibu na mto, bila ripoti ya udongo iliyotiwa sahihi na injinia aliyeandikishwa. Ripoti ya ploti nyingine isikubaliwe.

2. Nakala ya ripoti, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, iwekwe mahali pa kazi, fundi na kibarua waisome. Anayeingia shimoni ana haki ya kujua linaloingiwa.

3. Iwekwe maabara ya udongo hapa kwetu, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aimudu. Kaunti yetu ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinachofundisha uhandisi wa madini, na Voi ina chuo cha ufundi. Watu wa kuifanya kazi wapo.

4. Shimo lolote linalopita kifua cha mtu lisiingiwe bila kingo kulazwa au kuzuiwa, bila ngazi, na bila mtu wa kuangalia juu. Mbao za kuzuia ziandikwe katika bei ya kazi tangu mwanzo, zisiachwe kwa huruma ya nyapara.

5. Fundi asikatwe mshahara kwa ufa wa msingi mpaka sababu ya ufa ijulikane kwa uchunguzi, na mtu wa Chama awepo.

6. Ramani ya miteremko ya hatari, mikondo ya maji na makalvati ya reli na barabara itangazwe, ibandikwe kwenye ofisi za machifu, ili hata mfanya kazi anunuaye ploti yake ndogo ya kustaafia asiuziwe mkondo wa mto.

Hili la mwisho tulitazame vema. Mabwana wenye majengo makubwa wakipata hasara, wana bima na ploti nyingine. Sisi tunapojenga, hujenga mara moja tu katika maisha, kwa akiba ya miaka 20. Kwa hiyo haya hatudai kwa ajili ya majengo ya watu wengine peke yake.

Na kwenu, ndugu, tuna neno la kufanya kesho asubuhi, si mwaka ujao. Kabla ya kushika sururu, ulizeni swali moja kwa sauti, wote pamoja, si mmoja mmoja: "Ardhi hii imepimwa na nani?" Kama jibu lipo, tuonyeshwe karatasi. Kama jibu halipo, nyapara aandike jina lake kwamba ametuingiza bila jibu. Mtaona jinsi kalamu itakavyokuwa nzito mkononi mwake. Mahali patakapokuwa na matata, leteni habari kwa mjumbe wa Chama siku hiyo hiyo, msingoje Jumamosi ya malipo.

Sisi ndio tunaoijua ardhi ya nchi hii kwa mikono yetu. Si haki tuijue kwa vifua vyetu.

UMOJA NI NGUVU.